Siku Niliyoosha Kibuyu cha Kogo Drusilla

Kwa yule ambaye gazeti la Jumapili iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitasema kwa ufupi kisha tusonge, maana ya wiki hii ni mazito kuliko yale.

Mimi ni Jackton Owiti, Malenga wa Kaplong. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, kwa kuwa waliopaswa kunipa walichelewa. Nilikuwa nauza smoki, zile soseji za moshi, na mayai ya kuchemsha katika steji ya magari, kwenye toroli langu jekundu liitwalo Sultana. Ubavuni mwa Sultana niliandika kwa rangi ya mafuta, kwa mkono wangu:

*Smoki zangu ni za raha, ukila utaniimba.*

Basi Bi. Molly, afisa wa afya ya umma, akanikuta najikuna mgongo kwa kisu cha kupasulia smoki. Nilijitetea kwa ubeti mmoja. Ubeti ule kwa bahati mbaya uliitaja pua yake. Sultana akabebwa kwenye pikapu mchana kweupe, kachumbari ikidondoka njia nzima, kuku wa Kaplong wakiisindikiza kama maandamano.

Hapo ndipo tulipoachana.

Jumatatu nilichomekea shati, nikaenda kumwona Bi. Molly ofisini. Sultana alikuwa uani, amefungwa mnyororo kwenye mti kama mbuzi mwizi. Sikumtazama machoni.

"Umekuja kuomba msamaha ama kusoma shairi ingine?" Bi. Molly akauliza.

"Yote mawili, madam."

"Chagua moja."

Nikachagua msamaha. Uliniuma kama jino.

"Sikiliza, Jackton. Ijumaa mkubwa wangu anakuja kutoka Bomet. Mzee Ogoti. Anakagua wauza chakula wote wa steji. Sasa, hao watu wenu hawanisikii. Nikiwaambia wanawe mikono, wananiambia walizaliwa wamenawa. Lakini wewe naona ukipiga kelele watu wanasimama."

"Si kelele, madam. Ni ushairi."

"Hiyo hiyo. Kuanzia leo wewe ni balozi wa usafi. Steji yote ikipita, unarudishiwa toroli yako. Mmoja tu akianguka, steji inafungwa, na hiyo toroli nitaipatia shule ya chekechea wabebee kuni."

Kuni! Sultana, aliyebeba smoki za raha, abebe kuni za uji!

"Watapita wote," nikasema, kifua mbele.

"Na wewe mwenyewe utapita?"

Nikacheka. "Mimi, madam? Mimi ndiye sabuni."

Msomaji, maneno hayo yaweke mahali. Yatarudi kunitafuta.

*

Steji yetu ina kibanda kirefu cha mabati, na kando yake tangi jeusi lenye bomba. Tangi hujazwa na mvua itokayo paani. Huku kwenye majani chai mvua haibembelezwi: kila alasiri inapiga ripoti kama karani. Ndiyo maana hakuna mtu Kaplong ambaye amewahi kufikiria habari za maji kuisha. Nami sikufikiria.

Niliwakusanya wote. Elmina wa chapati, Onyancha wa mayai na smoki, ambaye tangu Sultana atekwe alikuwa amerithi wateja wangu bila hata kutoa pole, na wengine wa mahindi, viazi na samosa. Kogo Drusilla, bibi anayeuza mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, alibaki ameketi chini ya mwavuli wake mweusi, akatazama kwa mbali.

"Bi. Molly anasema mikono isuguliwe hadi wimbo mfupi uishe," nikatangaza. "Mimi nimewaletea shairi. Hakuna kutoa mkono kwenye sabuni kabla ya kituo cha mwisho!"

Nikaanza:

*Nawa mkono kwa maji, sabuni usisahau,*
*Mchomaji, mpikaji, nawe muuza pilau,*
*Viini ni wauaji, havijui kudharau,*
*Mkono usonawishwa, ni adui wa matumbo.*

Ubeti huo peke yake ungetosha. Najua sasa. Lakini malenga hawezi kusema habari za mkono mzima kwa ubeti mmoja. Kulikuwa na ubeti wa kiganja, ubeti wa kidole gumba, ubeti wa katikati ya vidole, beti mbili za kucha, na ubeti wa kiwiko ambao nakiri haukuhitajika lakini vina vilikuwa vizuri mno kuachwa.

"Malenga!" Elmina akapiga yowe, povu hadi kwapani. "Chapati yangu inaungua!"

"Vumilia! Tuko kwenye kucha!"

"Buda," Onyancha akasema, akiinua vidole vyake, "angalia. Vimekunjana kama vya babu yangu. Na babu yangu tulizika."

"Bomba lifunguliwe tena! Ubeti wa kiwiko!"

Kutoka chini ya mwavuli, sauti ya Kogo Drusilla ikaja polepole.

"Kijana. Hii shairi yako inakunywa maji kuliko ng'ombe."

Watu wakacheka hadi wakashikana mikono yenye povu. Mimi sikucheka. Mawingu nayo hayakucheka. Alasiri ile mvua haikuja. Nilidhani imechelewa tu.

*

Jumanne nikaleta sheria ya pili. Nilikuwa nimemwona Elmina akipokea noti, akihesabu chenji, kisha kwa mkono uleule akikunja chapati. Nikamwambia: "Elmina, mkono wa kulia ni wa chakula. Wa kushoto ni wa pesa. Usichanganye."

Akatii. Mteja wa kwanza alikuwa mchuma chai, bado yuko na aproni yake ya plastiki na gambuti, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani.

"We mama! Unanipa chenji na mkono ya kushoto? Mimi ni mbwa?"

"Ni sheria ya balozi," Elmina akajibu.

"Balozi wa nchi gani?"

Wote wakanigeukia. Nikamweleza. Yule mtu akanisikiliza hadi mwisho, akapokea chenji yake kwa mkono wa kushoto vilevile ili tusidaiane matusi, akaenda zake.

Nilifurahi. Nilijiona kama mtu aliyebadilisha nchi. Ni katika furaha ile ndipo nilipokitazama kibuyu cha Kogo.

Nataka mnielewe. Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya chai upande wa Kericho. Baba na mama walitoka kule ziwani wakaja kuchuma, wakanizaa katikati ya majani. Mursik nimekunywa kwa majirani tangu sijaota meno ya nyuma. Ile rangi yake ya kijivu nilidhani ndiyo rangi ya maziwa ya ng'ombe wao. Ndani ya kibuyu sikuwahi kuchungulia. Nani huchungulia ndani ya kibuyu?

Balozi huchungulia.

Kogo alikuwa ameenda kuchukua maziwa. Kibuyu alikiacha wazi, kimening'inia kwenye nguzo: kirefu, chenye shanga nyekundu na simbi shingoni, na kifuniko chake cha ngozi pembeni. Nikatia jicho. Giza. Nikatia kidole.

Kidole kikatoka cheusi kama sufuria ya matanga.

Moyo ulinipasuka. Masizi! Kutoka shingoni hadi kitakoni, masizi matupu! Nikamwona Mzee Ogoti akitia kidole chake palepale. Nikamwona Sultana na mzigo wa kuni.

Sikungoja. Nikachukua sabuni ya unga, maji moto, na stilwulu ya kusugulia sufuria niliyoifunga kwenye kijiti. Nikasugua kwa beti zote, hata za kiwiko. Maji yalitoka meusi, yakatoka ya kijivu, mwisho yakatoka safi. Kibuyu kikanukia kama shuka la maarusi.

Onyancha akapita na sufuria ya mayai.

"Malenga, unaosha nini?"

"Kibuyu cha Kogo. Hebu ona, kinang'aa!"

Onyancha akaiweka ile sufuria chini taratibu, kama mtu aliyefika msibani.

"Umetia sabuni?"

"Ya unga."

"Ndani?"

"Sasa nitie wapi? Angani?"

"Wuui! Umekufa, buda. Mimi ni Mkisii lakini nimeoa hapa, mama mkwe alinifundisha. Kibuyu haioshwi na sabuni! Inasuguliwa na makaa ya senetwet. Huo mti ndio sabuni yao. Hiyo nyeusi sio uchafu, ndio inaweka maziwa isiharibike. Sabuni ikiingia kwa kibuyu, haitoki."

"Haitoki hadi lini?"

"Haitoki!"

"Hata kwa maji moto?"

"Jackton, kibuyu ni kama mbao. Imeshakunywa. Na hiyo ndiyo mamake alimpa siku ya ndoa. Ona huko."

Nikaona. Kogo Drusilla alikuwa anashuka mlima, mtungi wa maziwa mgongoni, anatembea mwendo wa mtu asiye na wasiwasi na dunia.

Jiko la Onyancha lilikuwa linawaka. Nikalirukia.

"Hapana! Hiyo makaa imedondokewa na mafuta ya smoki tangu wiki jana!"

"Makaa ni makaa!"

Nikatumbukiza vipande vitatu vya moto ndani ya kibuyu, nikakitikisa kama kayamba ya kanisani. Kikatoa moshi. Kikapiga chafya. Nikamwaga makaa, nikatia kidole. Cheusi! Nikanusa. Kilinuka sabuni kidogo, na smoki kidogo. Smoki zaidi.

Nikakirudisha kwenye nguzo, nikasimama kando yake, mikono nyuma.

"Chamgei, Kogo."

"Chamgei." Akanitazama toka viatu hadi nywele. "Mbona umesimama kama mwizi ya kuku?"

"Nalinda kibuyu chako."

"Vizuri. Hiyo kipuyu nimeipaka senetwet asubuhi. Iko tayari."

Akamimina maziwa, yaliyochemshwa na kupoa. Akakifunga kwa kile kifuniko cha ngozi, akakipigapiga mgongoni kama mtoto anayecheulishwa.

"Hii siusi," akasema, maana yake hauzi. "Hii ni ya mgeni ya Ijumaa. Mkubwa akikuja kwetu hawezi pewa maji ya bomba. Anapewa mursik."

Nikauliza, "Mgeni... Mzee Ogoti?"

"Huyo huyo. Akunywe, ajue amefika kwa watu."

Ningesema palepale, wallahi. Mdomo ulishafunguka.

"Kogo, kuna kitu..."

"Nini?"

Nyuma yake Onyancha alikuwa amesimama na yai mkononi, hajalimenya, anangoja kusikia. Na malenga hakiri makosa mbele ya muuza mayai.

"Kibuyu chako ni kizuri," nikasema.

"Najua," Kogo akajibu.

*

Jumatano, hakuna mvua. Alhamisi, hakuna mvua. Kila nilipopita karibu na kile kibuyu nilisikia ndani yake mlio mdogo: *fsss*. Onyancha aliniambia, "Sitasema kwa mtu. Lakini Ijumaa nitavaa shati mpya. Siwezi kosa hiyo kitu."

Ijumaa ikafika, na pikapu ikaingia stejini. Nyuma yake, amefungwa kamba, jua likimpiga ubavuni, alikuwa Sultana.

Bi. Molly akanisogelea. "Nimemleta," akanong'ona. "Usiniangushe, Jackton. Huyu mzee hana mchezo."

Mzee Ogoti alikuwa mtu mkubwa wa tumbo na wa sauti, kofia ya pama kichwani. Elmina, aliyefundishwa tangu enzi za korona, akamnyooshea kiwiko. Mzee akakitazama kile kiwiko kama mtu aliyepewa mfupa.

"Viwiko tulizika na korona, mama! Mimi nikisalimia mtu nataka kiganja. Mtu akininyima kiganja, najua kuna kitu anaficha."

Na hivyo ndivyo alivyokagua. Hakuwa na kalamu, hakuwa na maswali. Muuzaji ananawa, Mzee anampa mkono, kisha anaugeuza ule mkono, anazitazama kucha, anauinua puani mwake, ananusa.

"Vitunguu, lakini safi," akamwambia Elmina. "Amepita!"

"Mayai, lakini safi. Amepita!"

Mimi nikiwa kando ya bomba, naongoza shairi. Shairi lote. Kwa kila mtu.

"Fupisha," Bi. Molly akaninong'oneza.

"Mizani haifupishwi, madam."

"Jackton, fupisha!"

Nikaongeza ubeti wa kumkaribisha mgeni.

Wote wakapita. Hata Kogo Drusilla alipita. Mzee alinusa kiganja chake mara mbili akasema kinamkumbusha bibi yake. Mwisho Mzee mwenyewe akanawa, awe mfano. Alipokuwa anasuuza, bomba likakohoa. Likatoa uzi mwembamba wa maji. Likatoa tone. Likatoa hewa.

Sikulitilia maanani. Macho yangu yalikuwa kwingine, kwa maana Kogo alikuwa ameinuka.

"Bado mmoja," Mzee akasema. "Balozi. Huyu nitamkagua mwisho."

"Ngoja kwanza, taktari," Kogo akamwambia. "Mgeni hawezi kusimama kwetu na koo kavu."

Akakichukua kibuyu kwa mikono miwili. Akakitikisa. Akafungua kifuniko. *Fsssss*.

Mdomoni mwa kibuyu kikachomoza kiputo, kama vile watoto hupuliza kwa maji ya sabuni. Kikavimba. Kikawa na rangi zote za upinde wa mvua. Kikapasuka. Hakuna aliyekiona ila mimi na Onyancha, ambaye alikuwa amevaa shati jipya kweli.

Kogo akamkabidhi Mzee kibuyu. Mzee akavua kofia, akakiinua.

Nikayaona yote kwa pamoja. Mkubwa wa afya anaanguka kwa tumbo katikati ya steji ya Kaplong. Steji inafungwa. Elmina anarudi nyumbani na unga wake. Kogo anajua. Sultana anabeba kuni hadi kiama.

Nikaruka.

"Simama hapo! Sheria ya usafi! Kinywaji cha mgeni lazima kionjwe kwanza na balozi!"

"Sheria gani hiyo?" Bi. Molly akauliza.

"Mpya!"

Nikamnyang'anya Mzee kibuyu, nikakitia kinywani.

Ndugu zangu, mmewahi kula smoki iliyoangukia kwenye beseni la nguo? Basi mimi nimeinywa. Ilikuwa chachu, ikawa sabuni, ikawa nyama, ikarudi sabuni.

"Umeonja, sasa rudisha!" Kogo akapaza sauti.

"Gu-gu-bado sijahakikisha!"

Nikaendelea. Kuacha tone moja kulikuwa ni kuacha shahidi. Nilikunywa hadi nikasikia hewa ikilia kitakoni mwa kibuyu. Nikakishusha. Povu lilikuwa limening'inia mdomoni kama ndevu za Krismasi.

Hata matauti wa magari waliacha kuita abiria.

"Amemaliza," Kogo Drusilla akasema, kwa sauti ndogo ya mtu asiyeamini. "Amemaliza maziwa ya mgeni."

Nilitaka kujibu. Badala yake kwikwi ikanishika, na katikati ya ile kwikwi kiputo kikanitoka kinywani. Kikapaa polepole, kikapita juu ya Elmina, kikatua kwenye kofia ya Mzee Ogoti, mikononi mwake. Puu.

Mzee akaitazama kofia. Akanitazama mimi. Tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka ambacho walikisikia Sotik.

"Huyu! Huyu ndiye balozi! Ameweka tumbo lake mbele ya tumbo la mgeni! Molly, umemtoa wapi huyu kijana? Teremsheni toroli yake!"

Watu wakashangilia. Vijana wakamshusha Sultana, magurudumu yake yakagusa ardhi ya Kaplong, na machozi yakanilengalenga. Au ilikuwa sabuni.

Kogo hakushangilia. Alikuwa ameokota kibuyu chake, anakigeuzageuza, anakikaribisha puani.

Mzee akaanza hotuba. Alianza na kipindupindu, akaja kwenye kucha, akaja kwenye historia ya choo. Nami tumbo langu likaanza. Lilianza kwa vina, likaendelea bila mizani.

Nilivumilia hadi historia ya choo. Hapo nikashindwa. Nikakimbia.

Choo cha steji kiko nyuma ya kibanda, na mlango wake wa bati hulia kama punda anayechinjwa. Ulilia nilipoingia. Hotuba ikasimama. Sitawaeleza ya ndani. Hili ni gazeti la familia. Ukalia tena nilipotoka.

Steji nzima ilikuwa imegeuka kunitazama.

Sultana alikuwa amesimama katikati, mwekundu, maandishi yangu yakimeremeta. Kando yake Bi. Molly, ufunguo wa mnyororo mkononi, uso umejaa fahari kama mama wa mwenye digrii. Na mbele yao wote, Mzee Ogoti.

"Balozi!" akanguruma. "Wote wamepita. Umebaki wewe. Nawa, uje nikupe mkono, uchukue toroli yako."

Nikaenda kwenye bomba kwa mwendo wa heshima. Nikalifungua.

Halikukohoa hata. Lilikwisha kufa.

Nikaligonga tangi. Likajibu kama ngoma. Beti zangu zilikuwa zimelinywa lote, kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Nikatazama ndoo ya Elmina. Maji yake yalikuwa yameingia kwenye unga. Nikatazama sufuria ya Onyancha. Maji yalikuwa yanatokota, mayai yakigongana. Nikatazama mbinguni, upande wa mashamba ya chai. Mawingu yalikuwepo, meusi, yamenuna, na hayakuangusha hata jasho. Kioevu pekee kilichokuwa kimebaki stejini kilikuwa tumboni mwangu, na hata huko hakikuwa kwa hiari.

"Kuna nini?" Bi. Molly akauliza. Fahari ilianza kumtoka usoni.

Onyancha akaja mbio, chupa ya chai mkononi. "Malenga! Nawa na hii!"

"Ni chai?"

"Ya maziwa. Ya moto. Sukari iko."

"Onyancha, mzee ananusa!"

"Basi ulitaka nilete dawa? Mimi nasaidia na kile niko nacho!"

Mzee Ogoti hakungoja tena. Alikuja mwenyewe. Hatua zake zilikuwa za mtu aliyeshiba kicheko na sasa anataka kazi. Akasimama mbele yangu, akaunyoosha mkono wake wa kulia, mkubwa, mweupe kiganjani, uliooshwa kwa tone la mwisho la tangi lile.

Nikaurudisha mkono wangu nyuma ya mgongo.

"Kijana," akasema, na sauti haikuwa na mchezo. "Nilisema nini kuhusu mtu anayeninyima kiganja?"

Nikimpa, atageuza, ataangalia, atanusa. Steji yote imesikia ule mlango. Nikimnyima, naficha kitu. Elmina alikuwa amefumba macho. Muuza samosa alikuwa anasali waziwazi.

Ndipo nikasikia miguu upande wangu wa kushoto. Kogo Drusilla alikuwa anakuja, kibuyu cha mamake kifuani, pua imekunjamana, na kila mtu akampisha njia.

"Jackton," akasema. "Kabla hujasalimia mtu. Nani ametia soseji kwa kipuyu ya mama yangu?"

Kulia, kiganja cha mkubwa. Kushoto, pua ya Kogo. Katikati, Sultana ananitazama.

Hapo nikaamua. Nikavuta pumzi. Nikafungua kinywa ili niseme ukweli wote, bila vina, bila mizani, kwa nathari tupu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Kikatoka kiputo.